"Toa hewa, weka resori": sentensi tamu yenye hesabu nusu

Bandugu wahitimu, leo tuache kidogo siasa na ajira, tuingie chini ya jeep. Najua kuna wenye watauliza: ukurasa wa ba lisansie na mambo ya garaji vinakutana wapi? Vinakutana hapa: mkubwa wetu moja anapata kazi nzuri, ananunua Range Rover ama Discovery ya okazio, anaipandisha barabara ya Kamituga mara mbili tatu, na asubuhi moja anaikuta imelala upande moja kama ng'ombe mgonjwa. Anaita fundi. Fundi, jirani, na ule shemeji mwenye anajua kila kitu, wote wanamwambia sentensi moja: toa hewa, weka resori, ulale usingizi.

Ile sentensi njo nataka niichambue, sawa vile tulifundishwa kuchambua maandishi: inasema nini, inaficha nini, na inamfaa nani. Ni sentensi yenye nguvu. Imekwisha kubadilisha jeep mingi, na wenye kuirudia si wajinga. Wana nusu ya haki. Shida yangu iko na ile nusu ingine.

Kwa wenye hawajawahi kulala chini ya gari: katika gari ya kawaida uzito unakaa juu ya resori ya chuma, ile nondo yenye imezungushwa kama nyoka. Katika gari ya hewa, pale penye resori kuna mfuko wa mpira wenye hewa ndani. Kompreseri inajaza tanki, boksi ya valvu inagawa hewa kwa magurudumu ine, kapteri moja karibu na kila gurudumu inapima urefu, na kalkilateri inaamua: huku ongeza, kule punguza. Ukibeba mzigo, inaongeza hewa na gari inabaki urefu ule ule. Ukiingia matope, inapanda juu. Ukifika kwa mama mzee mwenye magoti yanamuuma, unabonyeza kitufe, gari inajishusha ili apande bila kubebwa. Si mapambo ya matajiri tu, tusidanganyane. Kuna akili nyingi ndani.

Na historia yake inachekesha kidogo. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilitoka na resori za chuma za kuzunguka kwa magurudumu yote ine, wakati jeep mingi za zamani hizo zilikuwa zingali juu ya lame, zile bamba za chuma zenye zinapangwa moja juu ya ingine. Resori ya chuma ndefu na laini njo ilifanya Range ijulikane: inapanda mlima sawa jeep, inakimbia barabarani sawa taksi ya waziri. Hewa ilikuja nyuma, mwaka 1992, kwa baadhi ya zile Range za zamani, kiisha 1994 ikaingia katika ile yenye mafundi wanaita P38. Discovery 2 ya mwaka 1998 iliweka hewa nyuma tu, na hata hapo si kwa kila gari. Discovery 3 ilifuata mwaka 2004. Kwa hiyo mwenye anarudisha chuma katika P38 hafanyi kitu cha kishenzi. Anairudisha gari kwa bibi yake.

Haki ya ile sentensi inaanza hapa. Mfuko wa mpira unazeeka. Unapasuka kidogo kidogo pale penye unajikunja, ufa mwembamba kama unywele. Usiku hewa inatoka, asubuhi kompreseri inaamka na kazi mara mbili. Ile kompreseri haikutengenezwa ifanye kazi saa nzima. Imetengenezwa kwa dakika chache, kiisha ipumzike. Inachoka, inapata moto, pistoni yake inakwisha. Dawa ya kukausha hewa nayo inajaa unyevu, maji yanaingia katika boksi ya valvu, vile viringi vidogo vya mpira vinakuwa vigumu. Kapteri zinakwaruzika kwa vumbi. Mwisho kalkilateri inaona namba zenye hazieleweki na inakataa kazi yote: gari inashuka mpaka chini, inakaa juu ya vile vipande vya mpira vya kuzuia kugonga, na kila shimo unalisikia kwa meno. Kama uko nyumbani, ni hasara. Kama uko katikati ya Ngomo, usiku, na watoto ndani, ni jambo ingine kabisa.

Sasa fikiria kwetu. Piesi inatoka mbali, inalipa njia na forodha. Mashine ya kusoma kalkilateri ya P38 haiko katika kila garaji. P38 ni ya zamani, na vile vidude vidogo vya bei rahisi vyenye watu wanaunganisha na simu havisomi ile kalkilateri ya hewa. Mtu anaambiwa: mifuko ine, kompreseri, boksi ya valvu, na hatujui kama itapona. Kando yake kuna resori ine zenye hazina hata waya moja. Nani hatachagua resori? Mimi mwenyewe, kwa P38 yenye inaishi kati ya Bukavu na Walungu na haina mtu wa kuisoma, nitachagua resori. Tena bila haya.

Lakini tuangalie neno la kwanza la sentensi: toa. Linataka tukubali kwamba hewa imekufa, na mbele ya kutoa mara nyingi hakuna mwenye amepima. Kupima kunaomba nini? Maji ya sabuni na burashi. Unapandisha gari mpaka juu, unaikinga vizuri, unapaka povu kwenye mifuko, kwenye viungo vya mipira ya hewa, kwenye boksi. Penye povu linachemka, njo penye shida. Mfuko moja wenye tundu unaua kompreseri, na nimeona watu wakinunua kompreseri mpya kwa bei kali, kiisha miezi michache nayo inakufa, wakasema "hewa ni ya bongo". Kompreseri haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inafanya kazi ya mfuko wenye tundu. Wakati mwingine shida ni rele moja ndogo ama fuzibo. Mafundi wetu wana mikono mizuri kuliko wengi wetu wenye diploma, hilo silikatai. Chenye kinakosa ni mtu wa kukaa saa mbili na sabuni na kipimo cha umeme mbele ya kuchukua ufunguo wa 19. Elektromekaniki ngapi wanatoka katika universite na taasisi zetu kila mwaka, na wanangojea ofisi yenye kiyoyozi?

Na hapa niseme kitu chenye si uchambuzi, ni onyo tu. Usilale chini ya gari ya hewa yenye imeinuliwa na hewa yake yenyewe. Mfuko ukipasuka, valvu ikifunguka, ama kalkilateri ikiamua kushusha, tani mbili zinashuka bila kupiga honi. Weka shuma za kukinga chini ya shasi, ama magogo mazito, na mtu asiguse milango wala kontake. Kifua cha fundi hakina piesi ya okazio.

Tuje kwa neno la pili: resori. Resori gani? Hapa njo sentensi inaficha mambo mingi, na hapa njo wenye walisoma fizike ya sekondari wanapaswa kuamka. Resori ya chuma iko na namba moja: nguvu ngapi kwa kila milimita. Tufanye mfano. Tuseme gurudumu moja la nyuma linabeba kilo 500 gari ikiwa tupu, na resori ni ya niutoni 25 kwa milimita. Sasa weka watu nyuma, mifuko ya makala, bidon mbili za mafuta: kilo 400 kwa nyuma, kilo 200 kila upande, karibu niutoni 2000. Gawa kwa 25: gari inashuka sentimita 8. Kama ilikuwa na sentimita 10 za kuchezea kwenda juu, zimebaki 2. Shimo la kwanza lenye heshima, chuma kinagonga.

"Basi weka resori ngumu," fundi atasema. Sawa, tuweke ya niutoni 40. Kwa mzigo ule ule inashuka sentimita 5 tu. Vizuri. Lakini siku gari iko tupu, ile resori inarusha. Hesabu ya kutikisika inaonyesha: na resori ya 25, gari tupu inapanda na kushuka karibu mara 1,1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, na ya 40, karibu mara 1,4. Kwa karatasi inaonekana kidogo. Kwa mgongo wa mama mjamzito mwenye anatoka Kaziba, si kidogo. Na gurudumu lenye linaruka haliko chini, na lenye haliko chini halifungi freni.

Mfuko wa hewa haukuwa na ile shida. Mzigo ukiongezeka, hewa inakandamizwa zaidi, ugumu unaongezeka pamoja na uzito, na gari inatikisika karibu sawa ikiwa tupu ama imejaa. Njo akili yenye unatupa katika takataka. Sisemi usiitupe. Nasema ujue umetupa nini. Chuma kinakulazimisha ujibu mbele ya kununua swali lenye hewa ilikuwa inakujibia kila asubuhi: utabeba nini? Na sisi, wenye jeep moja ni taksi, ni kamio ya makala, ni gari ya arusi na ya matanga, ni watu wa mwisho duniani wenye wanaweza kujibu kwa neno moja. Ajabu yake njo hii: kwa barabara yetu hewa inakufa haraka, na kwa mizigo yetu hewa njo ingetufaa kuliko watu wote.

Na wauzaji hawatusaidii. Mara nyingi wanaandika "ya kawaida" ama "ya nguvu", basi. Nguvu kiasi gani? Hakuna namba. Mtu mwenye alitumia miaka mitano akiandika niutoni kwenye ubao analipa dola zake kwa kitu chenye kimeandikwa "nguvu", kama dawa ya barabarani. Uliza ugumu kwa milimita, uliza urefu wa resori ikiwa huru, uliza imefanywa kwa gari ya uzito gani. Muuzaji mwenye hawezi kujibu, endelea na safari.

Mbaya zaidi ni ile ya bei rahisi: kuchukua resori ya gari ingine na kuikata. Kuna mambo mawili hapo. Ukiikata, haipungui urefu tu, inakuwa ngumu zaidi, maana ugumu unafuata hesabu ya mizunguko: resori ya mizunguko 8 ikibaki na 6, imekuwa ngumu kwa theluthi moja. Na ukiikata kwa moto wa gesi, umeharibu chuma chenyewe. Chuma cha resori kilichomwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani ili kijinyooshe mamilioni ya mara. Moto wako unakirudisha kuwa laini pale ulipopita, ama kinakuwa cha kuvunjika kama kioo. Kitavunjika, na hakitavunjika kwenye parkingi.

Nije kwa gari zenyewe, maana ile sentensi inazisema zote sawa, na hazifanani.

Discovery 2 ni rahisi. Kiwanda kiliuza zingine na resori za chuma nyuma, zingine na hewa. Kwa hiyo ukitoa hewa ya nyuma unaweka vitu vyenye kiwanda kilijua. Hapa sentensi ni ya kweli karibu yote. Na baadhi ya Prado 120 za bei ya juu, zenye mifuko ya hewa nyuma tu, ndugu zake ziko na resori za chuma fasi ile ile. Hesabu ni ile ile.

P38 iko katikati. Ekseli zake ni nzima, kutoka gurudumu mpaka gurudumu, na mfuko wa hewa uko peke yake, amortiseri iko kando. Unatoa mfuko, unaweka resori na vikalio vyake. Jioni imekwisha. Lakini gari inapoteza kupanda na kushuka, na mara nyingi inabaki juu kuliko zamani, maana watu wanapenda jeep ndefu. Gari yenye ilikuwa inajishusha yenyewe kidogo ikikimbia katika barabara nzuri sasa inakimbia ikiwa juu, na katika kona inalala zaidi. Taa za mbele zinaangalia ndege. Mtu anaendesha vile vile alikuwa anaendesha na hewa, na hapo njo hatari inaingia: gari imebadilika, dereva hajabadilika.

Discovery 3 na 4, hapana. Kwa kweli, hapana, labda kama huna njia ingine kabisa. Kule hewa na amortiseri ni kitu kimoja, kila gurudumu liko peke yake bila ekseli nzima, na waanzilishi wake walifanya ujanja mzuri sana: ukiwa katika mawe, valvu inaunganisha mfuko wa kushoto na wa kulia, hewa inapita kutoka gurudumu lenye limebanwa kwenda kwa lenye linaning'inia, na yote mawili yanabaki yanagusa udongo, sawa vile ekseli nzima ingefanya. Ukiweka chuma, ile daraja imekatwa. Unabaki na gari nzito yenye gurudumu moja linazunguka hewani. Utaniambia kiwanda kiliuza Discovery 3 zingine za bei ya chini na resori za chuma. Ndiyo, lakini zilizaliwa vile, na kalkilateri yao iliambiwa vile. Yako inaendelea kutafuta hewa yenye haiko, na inalia kwenye tablo.

Tena ile kulia. Sehemu ya mwisho ya sentensi ni "ulale usingizi", na usingizi wenyewe mara nyingi unapatikana kwa kuzima taa ya alama: wengine wanaweka kidude cha kudanganya kalkilateri, wengine wanatoa balbu. Kidude chenye kinajulisha kalkilateri kwamba hewa imetolewa, sina neno nacho. Kutoa balbu ni kumfunga shahidi kinywa. Katika gari mingi ile tablo inashirikiwa na mambo ya freni, na mwenye alizoea kuona taa ya njano kila siku, siku ya taa ingine hataangalia. Umenunua ukimya, si usingizi.

Kuna swali lenye linabaki, na wengi hawapendi niliulize: kama ulitaka chuma tangu mwanzo, juu ya nini ulinunua hewa? Land Cruiser ya 70 iko pale, lame nyuma, inajulikana na kila fundi kutoka Uvira mpaka Bunia, piesi zake ziko sokoni. Haina heshima ya Range mbele ya wakwe, nakubali. Lakini wengi wananunua ile heshima kwa bei ya okazio, kiisha wanatoa kitu chenye kilifanya gari iwe Range, na wanabaki na bodi nzuri juu ya hesabu yenye hakuna mtu aliifanya. Hewa haikuwadanganya. Muuzaji aliwauzia gari ya miaka 20 na mifuko yake ya kwanza, na hakuna mwenye alipaka sabuni.

Kwa mwenye ameamua, na gari yake ni ya aina yenye inakubali, kuna kazi moja tu ya bure. Mbele ya kufungua bulo ya kwanza, gari ikingali na hewa na iko katika urefu wake wa kawaida, chukua metre. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, mara ine, na uandike. Kama imelala kabisa, tafuta ya rafiki ya aina ile ile na upime yake. Kiisha kuweka resori pima tena, tupu, kiisha na mzigo wako wa kweli, makala na shangazi ndani. Rudisha taa za mbele chini. Kama nyuma iko sentimita 6 juu ya ile karatasi, wamekuwekea resori ya gari ingine, ata kama wanakuapia kwamba itashuka yenyewe. Resori mpya inashuka kidogo katika wiki za kwanza, ni kweli. Sentimita 6, hapana.